Likizo Isiyochukuliwa ni Deni la Chama

Maelezo yaliyotolewa katika mafunzo ya wenyeviti, makatibu na watunza fedha wa vyama wanachama



Katika mikutano ya vyama vya msingi husemwa mengi juu ya bei, mizani, pembejeo, ushuru na mikopo. Likizo ya karani au ya mlinzi wa ghala ni nadra kutajwa. Huonekana kuwa jambo dogo la kumalizwa pembeni baina ya mfanyakazi na katibu wake. Lakini jambo hilo dogo hugeuka kuwa kubwa siku chama kinapolazimika kupunguza wafanyakazi. Hapo ndipo huonekana kwamba mfanyakazi anakidai chama siku nyingi ambazo hazikuandikwa popote, na kwamba chama hakikuweka senti moja ya kuzilipia.

Kupunguza wafanyakazi si jambo geni katika ushirika. Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, vyama vingi vilipoteza sehemu ya mazao yao na pamoja nayo mapato ya kulipia mishahara. Siku hizi sababu zimeongezeka. Mavuno hushuka kwa ukame. Mizani ya kidijitali hufanya kazi iliyofanywa na makarani wawili. Vyama viwili vidogo huunganishwa, na makatibu wawili hubakia kugombea meza moja. Hakuna sheria inayokataza chama kupunguza watu kwa sababu za kweli za namna hiyo. Inachotaka sheria ni kwamba upunguzaji ufanywe kwa utaratibu, na kwamba anayeondoka asiache nyuma haki aliyokwisha kuifanyia kazi.

MFANO WA CHAMA KIMOJA

Na uchukuliwe mfano wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba, ambacho hakina haja ya kutajwa jina, kwa kuwa kasoro zake zinaweza kutokea katika chama chochote. Chama hicho kilikuwa na makarani wawili. Mmoja wao alikuwa ametumika miaka 7 na miezi michache, akipokea mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku 6 kwa juma. Aliajiriwa tarehe 1 Machi, na kwa hiyo mwaka wake wa likizo huanza kila tarehe hiyo. Katika mwaka uliomalizika mwisho wa Februari hakwenda likizo. Kila alipoomba aliambiwa asubiri: mara wakaguzi wanakuja, mara vitabu havijafungwa, mara msimu umekaribia.

Mapato ya chama yalipopungua, Bodi iliamua abakie karani mmoja. Tarehe 3 Juni karani yule alikabidhiwa barua fupi. Ilisema kwamba kutokana na hali ya fedha kazi yake imekwisha. Kwamba siku zake 28 za likizo zinaanza siku ile ile. Kwamba notisi yake ya siku 28 itakwenda pamoja na likizo hiyo. Na kwamba ifikapo tarehe 30 Juni atalipwa mshahara wa mwezi na kiinua mgongo cha miaka 7, na hapo yeye na chama watakuwa wamemalizana.

Karani aliisoma barua hiyo mara mbili. Hakupiga kelele wala hakuondoka. Alikwenda kwa mtunza fedha, akamwambia, “Ndugu, likizo ni siku nilizokwisha kuzifanyia kazi mwaka jana. Notisi ni siku za kujitayarisha kuondoka. Mtu anadaiwa madeni mawili, analipa moja, halafu anaandika kwamba amelipa yote?” Kisha akarudi mezani kwake kuendelea na orodha za wakulima, kwa sababu ununuzi wa pamba ulikuwa umeanza na watu walikuwa wamepanga foleni nje.

Mtunza fedha, mzee ambaye naye ni mkulima, hakuwa na jibu. Aliomba kikao cha dharura. Bodi ilikubali kutafuta ushauri wa Afisa Ushirika na wa ofisi ya kazi kabla ya tarehe 30 Juni kufika. Yaliyobainika katika ushauri huo ndiyo yanayostahili kujulikana na kila chama.

SHERIA INASEMAJE

Zamani mambo haya yalitawaliwa na sheria kadhaa, miongoni mwao Sheria ya Malipo ya Kiinua Mgongo ya mwaka 1962 na Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964. Leo, kwa Tanzania Bara, yanatawaliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo haibagui kati ya kampuni kubwa ya mjini na chama cha msingi chenye ofisi ya chumba kimoja. Anayeajiri ni mwajiri.

Kuhusu likizo, mfanyakazi anastahili siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila miezi 12 ya kazi. Sikukuu za taifa zinazoangukia ndani ya siku hizo huhesabiwa humo humo. Mwajiri ndiye mwenye uamuzi juu ya lini likizo itachukuliwa, lakini uamuzi huo una mpaka. Likizo haina budi itolewe ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa likizo kwisha, au ndani ya miezi 12 ikiwa mfanyakazi ameridhia na shughuli za mahali pa kazi zinahitaji hivyo. Hali kadhalika, likizo ya mwaka haiwezi kutumiwa badala ya likizo nyingine, kama vile ya ugonjwa au ya uzazi. Karani aliyelazwa hospitali wiki mbili hakuwa likizo ya mwaka, hata kama katibu aliandika hivyo ili kupunguza hesabu.

Kuhusu kupunguza wafanyakazi, sheria inataka mashauriano kwanza. Mara mwajiri anapofikiria kupunguza watu, humpasa kuwaarifu wanaohusika na kuwapa habari za kutosha. Kisha hushauriana nao juu ya mambo matano: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, wakati wa kuondoka, na malipo ya kiinua mgongo. Mashauriano hufanywa na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pale, na wafanyakazi ambao hawana wa kuwawakilisha hushauriwa wenyewe. Pasipokuwa na makubaliano, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi kabla ya hatua kuchukuliwa. Barua ya tarehe 3 Juni haikutanguliwa na lolote kati ya hayo, na kwa hiyo ilikuwa na kasoro kabla hata ya kufika kwenye hesabu.

Kuhusu notisi, mfanyakazi wa mwezi aliyepita mwezi wake wa kwanza kazini hupewa notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, ikitaja sababu na tarehe. Anayeajiriwa kwa siku au kwa juma hupewa siku 4. Mkataba unaweza kutoa muda mrefu zaidi. Mwajiri anaweza pia kulipa fedha badala ya notisi.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha maelezo haya. Sheria inasema waziwazi kwamba notisi haiwezi kutolewa wakati mfanyakazi yuko likizo, na kwamba haiwezi kwenda sambamba na likizo. Neno hilo linahusu likizo zote zinazotolewa na sheria hiyo. Mwanamke aliye katika likizo ya uzazi hapelekewi notisi nyumbani. Aliye likizo ya mwaka haambiwi kwamba siku anazopumzika ndizo siku za kuagana. Sababu yake ni rahisi kufahamika. Siku za likizo zimekwisha kulipwa kwa jasho la mwaka uliopita. Siku za notisi zina kazi nyingine: kumpa mtu nafasi ya kutafuta kazi, kupanga habari ya ada za watoto, na kukabidhi vitabu kwa utulivu. Kuziunganisha ni kumnyang'anya mojawapo.

HESABU YA LIKIZO

Ajira inapokoma, malipo ya likizo huwa na mafungu mawili, na vyama vingi hukumbuka moja tu.

Fungu la kwanza ni likizo ya mwaka uliokwisha, ambayo haijachukuliwa na ambayo muda wake haujapita. Fungu la pili ni likizo iliyokwisha kuchumwa katika mwaka ambao haujatimia. Hili la pili ndilo husahauliwa. Watu hudhani kwamba likizo huzaliwa siku ile miezi 12 inapotimia, na kwamba kabla ya hapo hakuna kitu. Sivyo. Likizo huchumwa siku hadi siku, kama maji yanavyojaa ndani ya mtungi kwa matone. Siku mtungi unapobebwa, huwezi kusema hauna maji kwa kuwa haujajaa.

Kipimo kilichowekwa na sheria kwa fungu la pili ni mshahara wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 ambazo mfanyakazi alifanya kazi au alistahili kufanya kazi. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa juma, mwaka una siku za kazi 312. Ukizigawa kwa 13 hupatikana siku 24 za kazi. Siku hizo 24, pamoja na siku 4 za mapumziko ya juma zilizomo katikati, ndizo siku 28 za kalenda zilizotajwa hapo awali. Kwa hiyo hesabu mbili hizo hazipingani. Kosa huja pale mtunza fedha anapochanganya, akahesabu siku za kazi lakini akazilipa kwa kiwango cha siku za kalenda. Mwenye kuhesabu siku za kazi hana budi atumie mshahara wa siku ya kazi.

Mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa majuma 4.333, kisha kwa idadi ya siku za kazi katika juma. Kwa siku 6, jumla hiyo ni siku 26. Karani wa mfano huu hupata shilingi 520,000 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa 26, mshahara wake wa siku ni shilingi 20,000.

Iko pia njia ya mkato ya kuhakikisha hesabu. Jumla ya mshahara wa msingi aliouchuma mtu tangu mwaka wake wa likizo uanze, ikigawanywa kwa 13, hutoa malipo yake ya likizo ya kipindi hicho. Yaani, katika kila shilingi 13 za mshahara wa msingi ambazo chama kimelipa, shilingi 1 zaidi imekwisha kuwa deni la likizo. Mtunza fedha akiyashika maneno hayo, hatahitaji kumtafuta mtaalamu.

HESABU YA KARANI YULE

Baada ya ushauri, Bodi iliifuta barua ya kwanza kwa maandishi. Ilikaa na makarani wote wawili, ikawaonyesha vitabu vya mapato, ikasikiliza. Ilizungumzwa kama mmoja angeweza kuhamishiwa kazi ya ghala, ikaonekana nafasi haipo. Mwishowe ilikubaliwa kwamba karani yule ndiye atakayeondoka, na notisi mpya ilitolewa kuanzia tarehe 4 Julai hadi tarehe 31 Julai, siku 28 kamili, akiwa kazini na akilipwa kama kawaida.

Hesabu yake ilikuwa kama ifuatavyo:

Mshahara wa mwezi wa Julai: shilingi 520,000.

Likizo ya mwaka uliokwisha Februari, ambayo muda wake wa miezi 6 ulikuwa haujapita: siku za kazi 24 kwa shilingi 20,000, yaani shilingi 480,000.

Likizo iliyochumwa kuanzia Machi hadi Julai: siku za kazi 130 zikigawanywa kwa 13 ni siku 10, yaani shilingi 200,000. Kwa njia ya mkato: 520,000 mara miezi 5 ni 2,600,000, zikigawanywa kwa 13 ni 200,000. Hesabu zinakubaliana.

Kiinua mgongo: sheria inataka mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi usiokatika, mwisho wake ukiwa miaka 10. Miaka 7 kwa siku 7 ni siku 49. Kwa shilingi 20,000 ni shilingi 980,000.

Jumla: shilingi 2,180,000. Kwa kuwa aliajiriwa kijijini pale pale, hapakuwa na gharama za kumsafirisha. Angekuwa ameletwa kutoka mahali pengine, chama kingewajibika kumrudisha pamoja na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au kumlipa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku alizosubiri safari. Hatimaye alipewa cheti cha utumishi, ambacho ni haki ya kila anayeondoka.

Je, barua ya kwanza ingempunja kiasi gani? Kama angeondoka tarehe 30 Juni kwa masharti yale, notisi iliyofunikwa na likizo ingempotezea mshahara wa siku 24 za kazi, shilingi 480,000. Likizo ya miezi 4 kuanzia Machi hadi Juni, ambayo haikutajwa kabisa, ingempotezea siku 8, shilingi 160,000. Jumla ni shilingi 640,000, zaidi ya mshahara wa mwezi mzima, kutoka mfukoni mwa mtu anayepoteza kazi.

Na chama nacho hakikuwa salama. Mfanyakazi anayedai kwamba ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai mengine muda ni siku 60. Chama kikishindwa, kinaweza kuamriwa kulipa fidia juu ya malipo yaliyokwisha kutajwa. Fidia hiyo, nauli za kwenda na kurudi na siku za katibu kuwa nje ya ofisi hulipwa na pamba ya wanachama.

WAFANYAKAZI WA MSIMU

Karibu kila chama huajiri watu wa msimu: wapima mizani, wapakiaji, walinzi wa ghala. Wengi huamini kwamba hao hawana likizo. Ni kweli kwamba mtu mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini sheria imewatoa wafanyakazi wa msimu katika kanuni hiyo. Wao, msimu unapokwisha, hulipwa fedha za likizo waliyoichuma.

Mpima mizani aliyefanya kazi siku 78 katika msimu kwa shilingi 12,000 kwa siku anastahili 78 gawa kwa 13, yaani siku 6, shilingi 72,000. Si fedha nyingi kwa mtu mmoja. Kwa watu kumi wa kiwango hicho ni shilingi 720,000. Chama ambacho hakikuziweka katika makisio yake kitazitafuta wakati ushuru wa msimu umekwisha kutumika. Hali kadhalika, mtu anayeitwa kazini mara kadhaa katika mwaka mmoja, hata kama kila mara ni kwa muda mfupi, ana haki ya likizo yenye malipo endapo jumla ya vipindi vyake imezidi miezi 6. Kumwachisha na kumrudisha hakufuti hesabu.

LIKIZO ILIYOPITWA NA WAKATI

Husemwa na baadhi ya viongozi kwamba likizo isiyochukuliwa hufa yenyewe. Neno hilo lina ukweli nusu. Sheria inasema mfanyakazi halipwi likizo ambayo haikuchukuliwa ndani ya muda wa miezi 6, au 12 kwa ridhaa. Makusudi yake ni kwamba watu wapumzike kweli, wasirundike siku mwaka baada ya mwaka ili wazigeuze fedha.

Lakini kiongozi anayetegemea kifungu hicho na ajiulize ni nani aliyesababisha likizo ipite. Mwenye uamuzi wa tarehe ni mwajiri. Karani aliyeandika barua tatu za kuomba likizo na kujibiwa mara tatu kwamba asubiri hakulala usingizi juu ya haki yake. Aliitii amri ya chama. Magomvi mengi huzaliwa hapo, na katika magomvi hayo barua zilizojibiwa zina nguvu kuliko maneno. Chama kinachojua kwamba hakiwezi kumwachia mtu aende katika msimu kina njia ya halali: kimpangie mwezi mwingine ndani ya muda, au kipate ridhaa yake ya maandishi ya kusogeza mbele. Sheria kama ilivyorekebishwa humruhusu pia mwajiri, kwa ridhaa ya mfanyakazi, kumtumia kazini wakati wa likizo kwa kumlipa, ila jambo hilo lisifanywe kwa miaka miwili mfululizo. Mtunza fedha asiyepumzika miaka mitatu ni hatari hata kwa chama chenyewe, maana vitabu visivyoshikwa kamwe na mkono mwingine ni vitabu visivyokaguliwa.

Jambo jingine la kuangaliwa ni makato. Mara nyingi chama humwambia anayeondoka kwamba malipo yake yote yamemezwa na upungufu wa fedha au wa mzigo ghalani. Upungufu wa kweli unaweza kudaiwa. Lakini mshahara haukatwi kwa hasara mpaka ionekane kwamba hasara ilitokea kazini kwa kosa la mhusika, aelezwe kwa maandishi, na apewe nafasi ya kujibu; na makato hayawezi kuzidi robo ya ujira wake. Likizo si sanduku la kufichia upungufu ambao haukuchunguzwa.

DENI LIANDIKWE

Mambo ya karani yule yalipofikishwa kwenye Mkutano Mkuu, mwanachama mmoja mwenye umri mkubwa alisimama akauliza swali moja. Hakuuliza kwa nini karani amelipwa. Aliuliza, “Deni hili la likizo lilikuwa wapi tuliposomewa hesabu mwaka jana?” Meza kuu ilinyamaza. Deni lilikuwepo tangu mwaka uliopita, likikua kila siku 13, lakini halikuwa katika mizania kwa sababu halikuwa katika daftari lolote. Wanachama walikuwa wamesomewa ziada ambayo sehemu yake haikuwa yao.

Hilo ndilo somo kubwa kwa vyama. Mali bila daftari huisha bila habari, na deni bila daftari huja bila hodi. Kwa hiyo yafaa kila chama kitimize mambo yafuatayo kabla ya kufunga vitabu vya mwaka huu:

1. Kiwe na daftari la likizo, lenye ukurasa kwa kila mfanyakazi. Humo iandikwe tarehe ya kuajiriwa, mwanzo na mwisho wa mwaka wa likizo, siku alizochukua, siku zilizobaki, na sahihi yake na ya katibu.

2. Kipange ratiba ya likizo mwanzoni mwa mwaka, kwa kuepuka miezi ya ununuzi, na ratiba hiyo ibandikwe ofisini. Ombi likikataliwa, likataliwe kwa maandishi na tarehe nyingine itajwe.

3. Kila mwisho wa mwaka, mtunza fedha ahesabu siku zisizochukuliwa za wafanyakazi wote, azizidishe kwa mshahara wa siku, na jumla iingizwe katika mizania upande wa madeni.

4. Katika makisio ya mapato na matumizi, malipo ya likizo ya wafanyakazi wa msimu yawe na fungu lake, yasichotwe katika fungu la matumizi mengineyo.

5. Panapofikiriwa kupunguza wafanyakazi, Bodi ipewe kwanza orodha ya malipo yote ya kila anayehusika: mshahara, notisi, mafungu mawili ya likizo, kiinua mgongo na usafiri. Bodi isiamue kabla ya kujua gharama. Pengine itaona kwamba kupunguza siku za kazi kwa makubaliano ni nafuu kuliko kupunguza watu.

6. Masharti ya kazi ya kila mfanyakazi yaandikwe na yatunzwe, na yasitupwe kabla ya miaka 5 kupita tangu ajira ikome. Shauri likifika mbele ya Tume, mwajiri asiyekuwa na maandishi hayo ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha.

Ndugu Wanaushirika,

Chama ambacho hubakiwa na shilingi 20 kwa kila kilo ya zao hulazimika kukusanya kilo 34,000 ili kulipa shilingi 680,000 za likizo ya karani mmoja. Mzigo huo hauonekani mwepesi, na hakuna haja ya kuuficha. Lakini ungegawanywa miezi 17 aliyoichuma likizo hiyo, ungekuwa shilingi 40,000 tu kwa mwezi, na hakuna mwanachama ambaye angeshtuka.

Mkulima aliyepeleka pamba yake mizanini, akapewa stakabadhi, akaambiwa malipo baadaye, anajua vizuri maumivu ya kusubiri kilicho chake. Anajua pia hasira ya kuambiwa, baada ya kusubiri, kwamba kilo zake kadhaa hazimo katika orodha. Wafanyakazi wa chama ndio walioziandika kilo za wakulima. Siku zao nazo ziandikwe kwa uangalifu ule ule, ili siku ya kuagana pasiwe na mtu wa kubishana na mwenziwe mlangoni mwa ofisi.

Dawa ya deni ni kulipa, na mwanzo wa kulipa ni kulijua. Makatibu wanaombwa waanze daftari la likizo mwezi huu huu, na wenyeviti walidai mezani katika kikao kijacho cha Bodi.